Baraka ya Mama Katika Mji wa Lulu

Chaza waliopasuliwa hunuka kuliko samaki aliyesahauliwa juani Lodwar, nami niliunusa mji ule kabla sijauona. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, shule zimefungwa, na mama alikuwa amenipeleka Uchina, kwenye mji mdogo wa soko wa Wahaka, watu wanaofuga chaza na kuuza lulu. Hakunichukua kwa kunidekeza. Alikitaka Kiingereza changu cha darasa la tano. Wanawake wenzake wa Kakuma, watunga shanga kama yeye, walikuwa wameuza mbuzi wao ili alete lulu za mikufu ya maharusi, na angewatazamaje usoni akirudi mikono mitupu? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema, na siku mbili tuliinama kweli, meza hadi meza, kila muuzaji akitufukuza kwa kuwa tulitaka kidogo.

Siku ya tatu bibi mmoja, kavaa kofia pana yenye pindo la kitambaa cheusi, akakubali kutuuzia lulu zilizopinda. Mjukuu wake alijua Kiingereza, basi maneno yakawa yanatoka kwa mama, yanapita kwangu na kwa mjukuu, ndipo yamfikie bibi. Mama alifurahi mno. Akaishika mikono ya bibi, akaifungua viganja, akaitemea mate kidogo, kama sisi Waturkana tunavyobariki. Mungu wangu! Bibi aliichomoa mikono kama aliyeshika kaa la moto, akauvuta mfuko wa lulu upande wake. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia mjukuu kwamba mama ana mafua, amepiga chafya tu. Bibi akaziba pua, akarudi nyuma hatua mbili. Njia ya mwongo ni fupi, jamani. Yangu haikuvuka hata ile meza.

Mama akaniuliza nimesema nini, nikaungama. Hakunipiga, ingawa nilistahili. "Mimi sina mafua," akasema. "Nimembariki. Mwambie hivyo hivyo, na useme asikie."

Nikasema, huku nalia. Bibi akafikiri, kisha akauliza kama mama humfanyia hivyo hata mwanawe. Mama akanitemea kwenye paji la uso mbele ya soko zima. Bibi alicheka mpaka kofia ikamkaa upande, akanawa mikono kwenye ndoo bila kuficha, halafu akatusukumia mfuko.

Leo nafasiri katika zahanati moja ya Kakuma, kati ya madaktari wageni na akina mama wanaotoka mbali kama Kaikor. Wenzangu hupenda kuyapaka maneno mafuta ili daktari asikasirike, nami siwacheki, kwa maana aibu ya utotoni ninayo bado. Wiki iliyopita bibi mmoja alikataa dawa. Alisema hamezi kitu cha mtu ambaye hajamtazama usoni tangu aingie. Daktari alikuwa akiandika. Mashavu yaliniwaka moto, nikayafasiri yote, neno kwa neno, na daktari akaweka kalamu chini.