Jogoo wa Mama Mkwe

Kabla ya kuwasha gari pale nyumbani Makole, nilikigeuza kioo cha kati kikatazama paa. Kiti cha nyuma alikuwa amekaa mama mkwe wangu, na yeye anashika mila ambazo wengi wameshaziacha: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemeshani. Miaka yote ya ndoa yangu hajapata kuniambia hata "pole". Watu walisema ni heshima. Mimi niliamini hanipendi tu, na jambo hilo liliniuma kuliko nilivyokubali mbele ya mke wangu.

Tulikuwa tunampeleka kijijini Busi kumsalimia dada yake, na hatukuwa na haraka. Au tuseme yeye hakuwa na haraka. Kila alichokiona kando ya barabara alikitaka, na kila alichokitaka kilipitia kwa mke wangu, aliyekaa mbele pamoja nami.

"Mwambie mwenye gari asimame, kuna karanga."

Nilisikia vizuri sana, masikio ninayo. Lakini adabu ilinitaka ningoje.

"Baba watoto, mama anasema usimame, kuna karanga."

Mpaka ujumbe ufike, karanga zimeshabaki nyuma, nami narudi kinyumenyume bila kioo. Hivyo ndivyo tulivyonunua karanga, viazi vitamu, ungo, na jogoo mwekundu mwenye kifua cha diwani. Jogoo alifungwa miguu, akawekwa kando ya mama.

Tulipoiacha lami na kuanza kupanda, ukungu ukashuka. Haukuwa ule wa kupita. Huu ulikaa kitako. Ulijaa mabondeni pande zote mbili, barabara ikabaki juu ya mgongo wa mlima kama rasi katikati ya bahari. Mke wangu, mtu asiyejua kungoja, alijitanda kanga yake nyekundu akashuka.

"Natangulia kwa miguu. Wewe fuata kanga."

Nikaifuata kanga. Hatukwenda mbali nikatambua kwamba nimebaki garini na mama mkwe, na wa kutusemea hayupo. Nikakaza macho mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Gari likaanza kuinama kidogo upande wa kulia. Nyuma mama akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Kisha:

"Ewe jogoo! Mwambie mwenye gari kulia kwake kuna korongo!"

Nilikanyaga breki mpaka chini. Jogoo hakusema kitu. Nikaona si adabu nami kukaa kimya.

"Jogoo, mwambie mama nimesikia. Asante."

"Jogoo, mwambie arudi kushoto, na asiendeshe kama anayefukuzwa."

"Jogoo, mwambie mama huu ni mwendo wa kobe."

"Basi mwambie kobe huyo anakwenda upande."

Nikacheka, na nyuma nikasikia kicheko kingine kikizibwa kwa kanga. Ndipo nikapata ujasiri ambao sikuwahi kuwa nao.

"Jogoo, naomba umwulize mama. Nilimkosea nini, hata hajapata kunisemesha?"

Kanga nyekundu ilitembea mbele yetu polepole. Nikajuta kuuliza.

"Jogoo," akasema hatimaye, "mwambie mwanangu huyo, ningekuwa simpendi ningeshamsema siku nyingi. Ninaowasema ovyo ni wale nisiowaheshimu. Amwulize mkewe nilivyomsema yule mchumba wa kwanza."

Sikuwahi kujua kwamba kulikuwa na mchumba wa kwanza. Lakini "mwanangu" nilikuwa nimeshaisikia, na machozi yakanitoka, mtu mzima na ndevu zangu.

Ukungu ulipopungua mke wangu alirudi kitini, amelowa, akatukuta kimya kama alivyotuacha.

"Poleni kwa upweke," akasema.

Busi tulipokewa kwa vigelegele. Dada yake mama alimpokea jogoo kwa mikono miwili, na papo hapo akaagiza kisu. Mkwe amekuja, mkwe lazima achinjiwe. Mgeni hakatai, kwa hiyo sikusema neno, ila nilimtazama jogoo yule nikahisi kama nafiwa. Kisu kilipofika, mama akainuka pale alipokuwa ameketi, amenipa mgongo kama inavyotakiwa.

"Huyo haliwi. Huyo tunarudi naye."

"Hee! Mkwe atakula nini?"

"Atakula maharage. Ameshazoea."

Nilikula maharage, nikaongeza.

Tuliporudi jua lilikuwa wazi na barabara inaonekana yote. Mke wangu alikuwa amechoka na kule kutembea. Alilala kabla hatujaifikia lami. Kisha nyuma yangu, kwa sauti ya chini ili asimwamshe binti yake, mama akasema:

"Jogoo, umelala?"

"Bado, mama," nikajibu.