Pielsii Aliyoichagua Gwakisa

Miaka tisa Gwakisa alilalamika kwamba kiwanda kimefunga kamba mguuni pake, na malalamiko yalikuwa ya haki, ila kamba aliisokota mwenyewe. Alifika Nachingwea kutoka Tukuyu akiwa fundi umeme kijana, cheti kipya, kichwa kimevimba kidogo. Kiwanda cha korosho kikampa kazi ya kuchagua pielsii, yaani kile kiboksi kinachoiamuru mitambo: mkanda usimame lini, tanuri lizimike likifika joto gani. Akachagua aina aliyoisomea yeye, ambayo huku kusini hakuna fundi mwingine aliyewahi kuigusa. Kisha akaifunga kwa namba ya siri, asije mtu akamchezea kazi yake.

Basi tangu hapo akawa hatoki. Mkewe Laurencia anafundisha Tukuyu, na binti yao Beatrisi ana miaka saba. Mwaka juzi Gwakisa alishafika Songea na likizo yake mfukoni, simu ikaita kwamba tanuri limegoma, akashuka kwenye basi na kurudi. Baba yake alipofariki, alizika akaondoka kabla matanga hayajaanuliwa. Safari ya mwisho Beatrisi alimwamkia kwa adabu zote, halafu akamuuliza mama yake mgeni atalala wapi. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Mwaka huu, miezi miwili kabla ya msimu, pielsii ikafa kabisa. Meneja, mzee Modestus, akamwambia achague nyingine. Gwakisa akapanda pikipiki hadi Ruangwa, kwenye kiwanda cha kusafisha ufuta, aone wenzake wanatumia nini. Fundi wa pale ni Fauzia, mzaliwa wa Nandagala, binti asiye na makuu. Akamfungulia kabati na kumweleza kwamba aina yao inavumilia vumbi na joto, umeme ukipandapanda haiyumbi, vipuri vinapatikana Dar, na vyuoni ndiyo inayofundishwa siku hizi. Akamwandikia hata maagizo ya tanuri mfano wa lile la korosho, akamaliza kabla ya chakula cha mchana. Gwakisa ya kwake yalimchukua miezi mitatu.

“Kaka Gwakisa, chukua hii,” Fauzia akasema. “Ukisafiri mimi nitakushikia, hata mwezi mzima.”

Njiani alisimamisha pikipiki akampigia Laurencia kumwambia safari hii anakuja, na akija hageuzwi.

Mzee Modestus alimkuta ofisini na fomu ya kuagizia pielsii mezani, akauliza kama ni kweli hiyo ya Ruangwa kila fundi anaiweza. Gwakisa akasema kweli.

“Basi andika hiyo. Nimekubana miaka yote kwa kuwa sikuwa na namna. Nenda kalee mtoto. Hata ukitaka kuhama moja kwa moja, sikuzuii.”

Gwakisa akashukuru. Meneja alipotoka, furaha aliyoingoja miaka tisa haikuja. Iliyokuja ni hofu. Hapa mashine ikisimama, meneja mwenyewe humfuata kwa gari. Tukuyu atakuwa nani? Fundi wa kufunga taa majumbani, mume wa mwalimu. Na akibaki hapa, atakuwa nani mbele ya binti anayemaliza asubuhi moja kazi yake ya miezi mitatu? Aliona aibu kuwaza hivyo, na bado aliwaza hivyo hivyo. Akaandika aina yake ya zamani, toleo jipya. Penye sababu akajaza: uzoefu wa fundi aliyepo.

Kesho yake Modestus aliisoma hadi penye sababu, akatia sahihi.

Jioni Laurencia akapiga. Beatrisi alikuwa ameshaanza kuwatangazia majirani kwamba baba anakuja.

“Mzee Modestus amekataa,” Gwakisa akasema. “Anasema bila mimi hawezi.”

Laurencia akamlaani mzee wa watu, mtu gani huyu asiyewahurumia watoto wa wenzake, na Gwakisa akamwacha amlaani mpaka vocha ikakata.