Neno la Mtani Katika Historia ya Kabwelu

Nikiikumbuka siku ile mzee Matayo alipoitwa ofisini kwa sababu ya sentensi yangu, mwanangu, mpaka leo viganja vinanilowa jasho. Sikumpiga mtu, sikuiba cha mtu. Niliandika mstari mmoja tu, tena kwa mwandiko mzuri. Nakusimulia wewe kwa sababu umemaliza chuo juzi, na nakuona unavyoandika, unafuta, unaandika tena, halafu unakaa kimya unatafuna kucha. Naijua hofu hiyo. Nililala nayo kitanda kimoja kabla wewe hujazaliwa.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, vyama vingi vimeingia, na Mpanda yetu bado ni wilaya ndani ya Rukwa. Nilirudi kwa treni na shahada ya historia ndani ya bahasha, nikafikia kwa shangazi yangu, mtaa wa Nsemulwa, na baada ya kuhangaika sana nikapata kazi ya muda kwenye ofisi ya mji. Nilikuwa mtu wa kuwaza mpaka chakula kinapoa. Nikipewa barua niipeleke, naisoma anwani mara sita. Mtu akiniitikia salamu kwa sauti ndogo, nitashinda nikijiuliza nimemkosea nini. Shangazi alikuwa akisema, "Wewe mtoto, hata kivuli chako unakiomba radhi."

Siku hizo ofisi ilikuwa inapanga upya mipaka ya kata. Watu wa Kabwelu wakaomba wapewe kata yao wenyewe, kwa sababu zamani walikuwa na mamlaka yao. Bosi wangu akaniita. "Wewe ndiye msomi wa historia," akasema. "Nenda Kabwelu, waulize wazee baraza lao lilikuwaje. Niletee kurasa nne. Usiache kitu." Maneno hayo mawili ya mwisho, usiache kitu, yaliniingia kama mwiba. Nilitembea nayo njia nzima.

Kabwelu ya leo utaipita bila kujua. Ni nyumba, vibanda na kanisa, imeshamezwa na mji. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Enzi mgodi wa madini ulipokuwa bado unafanya kazi hapa Mpanda, Kabwelu ilikuwa mji mdogo unaojitawala, na baraza lake la wazee tisa. Ndilo lililopima viwanja kwa kamba na kupanda minyaa kwenye mipaka. Ndilo lililoamua soko lifagiliwe kila Jumamosi na kila kaya, hata ya mwenyekiti, na dagaa wa Ikola, kule ziwani, wasianikwe upande upepo unakotoka. Mgeni akija, mjumbe mmoja anamshika mkono, anamzungusha mipaka yote ya kiwanja chake mbele ya majirani, na kuanzia siku hiyo ni mtu wa Kabwelu. Kisha miaka ya sabini serikali za mitaa zikafutwa nchini. Lori likaja, likapakia meza, viti na vitabu vya baraza, likaondoka. Vitabu vile havikuonekana tena. Kwa hiyo historia yote ya Kabwelu ilibaki vichwani mwa wazee wachache, na mwenyekiti wa mwisho alikuwa huyo mzee Matayo.

Nilimkuta kwenye kibaraza cha jengo la zamani la baraza, amekaa na rafiki yake mzee Yustini, aliyekuwa katibu wake. Koo zao zilikuwa watani tangu mababu. Unajua utani wetu ulivyo: mtani wako akifiwa ndiye anayekuja kulala kwenye jeneza na kudai hatoki mpaka apewe kuku. Basi hao wawili walikuwa hawapumui bila kuchokozana.

"Karibu, binti," akasema Yustini. "Kaa huku kwangu. Ukikaa kwa huyu utanuka."

Nikafungua daftari. Mzee Matayo akaanza kunieleza taratibu, habari za viwanja, soko, ugomvi wa mipaka na walinzi wa zamu. Nikamuuliza na yeye mwenyewe alifikaje kwenye uenyekiti. Kabla hajajibu, Yustini akadakia.

"Hilo niulize mimi. Andika hivi, binti. Huyu unayemwona si mtu wa hapa. Katoroka kwao ng'ambo ya ziwa, kafika Ikola kajificha chini ya magunia ya dagaa. Baba yangu akamwonea huruma, akamnunua kwa debe la chumvi. Mpaka leo sijamwachia huru. Uenyekiti nilimwazima tu."

"Chumvi yenyewe ilikuwa nusu mchanga," akajibu Matayo bila hata kugeuka. "Nyie ukoo wenu hata kununua mtu hamjui."

Wakacheka mpaka Yustini akashika mbavu. Mimi nilitabasamu, lakini mkono wangu, mwanangu, ulikuwa unaandika.

Nyumbani nilikaa na daftari lile siku tatu. Nilijua ni utani. Nilizaliwa humu, ningekosaje kujua? Lakini kichwa changu kilikuwa na mdomo wake. Kikaniambia: lisemwalo lipo. Kikaniambia: je, kama chini ya mzaha kuna ukweli, na mtu mwingine akaugundua, si utaonekana msomi uliyedanganywa na wazee? Bosi amesema usiache kitu. Kuuliza si ujinga, lakini niliona aibu kurudi Kabwelu kumuuliza mzee mwenye mvi, "Eti, wewe ni mtoro?" Basi badala ya kumuuliza yeye, nikaiandikia karatasi. Ukurasa wa tatu, katikati: *Inasemekana mwenyekiti wa mwisho wa baraza alifika Kabwelu akitoroka kutoka ng'ambo ya ziwa.* Nikaliweka hilo "inasemekana" mbele kama ngao. Nikajiona mwangalifu.

Sasa sikia wakati wenyewe ulivyokuwa. Ng'ambo kulikuwa na vita. Watu walikuwa wanavuka kila wiki, na maofisa walikuwa wakipita huku kwetu kuulizia asili za watu. Familia zilizokaa miaka na miaka, zinalima, zinazika wafu wao hapa, ziliacha kuzungumza lugha ya nyumbani zikiwa sokoni. Mama mmoja jirani yetu alifungasha vyombo kila gari lilipopita, kisha akavifungua tena. Mimi niliyajua hayo yote. Sikuyaunganisha na ukurasa wa tatu.

Wiki mbili baada ya kukabidhi kazi yangu, nilimkuta mmoja wa maofisa hao mezani kwa bosi wangu, mtu mpole, mwenye shati jeupe. Mbele yake kulikuwa na kurasa zangu nne. Mstari wangu ulikuwa umepigiwa kalamu nyekundu chini.

"Kazi nzuri," akaniambia. "Huyu mzee anakaa upande gani?"

Nikataja njia, kwa sababu niliulizwa. Unaona woga unavyofanya kazi? Hata kidole cha kuonyesha nyumba ya mtu unakitoa mwenyewe. Akaandika, akasema mzee aje Alhamisi na uthibitisho wa uraia wake, la sivyo atapelekwa anakostahili, yeye na walio naye.

Uthibitisho gani? Mzee wa umri ule cheti cha kuzaliwa akakitoe wapi? Jina la baba yake na kiwanja chao vilikuwa kwenye vitabu vya baraza, na vitabu viliondoka na lori. Mzee aliyegawia wenzake ardhi kwa miaka yote ile, hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kuwa na yeye ni wa hapo.

Nilikimbilia kwa mzee Yustini. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nilipomaliza kueleza, alicheka kwanza, akidhani na mimi nimejifunza utani. Kisha akaniangalia usoni, mkono wenye gunzi ukabaki hewani.

"Umeandika?"

"Ndiyo, babu."

"Na jina langu umeliweka kwamba mimi ndiye nimesema?"

"Nimeandika inasemekana."

Akaweka gunzi chini polepole. "Mimi na Matayo tumetukanana tangu tukiwa na meno ya maziwa. Nilimtukana siku ya harusi yake. Nilimtukana siku mwanawe alipokufa, ndipo akaweza kula. Maneno yale yana nyumba yake, binti. Ndani ya nyumba hiyo yanalisha. Wewe umeyatoa nje, ukayakabidhi kwa watu wasiojua mlango yalikotokea. Umenifanya mimi nimuuze ndugu yangu kweli."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Machozi yako peleka kwake. Asisikie kwa mwingine."

Njia ile ni fupi, mwanangu, dakika kumi tu, lakini niligeuka nyuma mara mbili. Nilipanga maneno, nikayapangua. Niliwaza nipande treni nirudi Dar. Nilipofika nikamkuta mzee Matayo na mkewe, bibi Anastazia, wanachambua maharage, na nikayasema yote nikiwa nimesimama, bila salamu. Bibi Anastazia alinyanyuka, akaingia ndani. Nilisikia sanduku likiburutwa, akaanza kutoa nguo. Hakuuliza swali hata moja. Sauti ile ya sanduku nikiisikia kwa mtu yeyote hata sasa, moyo unaruka.

Mzee aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mama yangu alinizaa nyuma ya lile soko. Lakini hata ningekuja chini ya magunia, nilikaa kwenye kiti kile nikipatanisha watu. Hilo uliliandika?"

"Niliandika kidogo."

"Uliogopa nini, mjukuu wangu?"

"Niliogopa kuacha kitu."

Akatikisa kichwa. "Hukuogopa kuacha kitu. Uliogopa kuchekwa."

Alhamisi tulikwenda watatu, mimi na wazee wote wawili. Nilikuwa nimejua tangu alfajiri kwamba nikifungua mdomo kazi nitaikosa, na nikinyamaza mzee ataondoka. Yule ofisa alisoma sentensi yangu kwa sauti, akaniuliza nimeisikia kwa nani, na nilipomwonyesha Yustini akamgeukia.

"Ni wewe ulisema haya?"

"Nilisema."

"Basi ni kweli?"

"Nilisema pia kwamba baba yangu alimnunua kwa debe la chumvi," akajibu Yustini. "Mbona hilo huulizi?"

Ofisa akapekua kurasa zote nne, akarudia. "Debe la chumvi silioni." Akaniangalia mimi. "Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Mbona hukuandika?"

Hapo ningeweza kusema nilisahau. Ulimi ulishaanza kuliumba neno hilo. Nikamwona mzee Matayo ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili, anangoja.

"Niliacha kwa sababu nilijua ni mzaha."

"Kwa hiyo," akasema ofisa taratibu, "ulijua wanataniana. Ukachagua kipande kinachofanana na ukweli, ukakiandika."

"Ndiyo. Kosa ni langu. Mzee huyu ndiye aliyeijenga Kabwelu, na mimi sina ushahidi wowote dhidi yake."

Aliichukua kalamu, akaukata mstari ule. Lakini karatasi hakunirudishia. Aliikunja, akaitia kwenye faili, akamwambia mzee, "Nenda nyumbani. Ukihitajika utaitwa."

Hakuitwa tena. Unafikiri hapo ndipo hadithi inaisha vizuri? Mtu aliyeambiwa "utaitwa" haishi, anangoja. Tangu siku ile, gari likisimama karibu na nyumba yake, mzee Matayo alikuwa anainuka na kuchukua kofia. Bibi Anastazia hakulirudisha lile sanduku chini ya kitanda mpaka mauti yalipomchukua. Kata hawakupewa. Mimi kazi niliikosa mwezi uleule, na hilo ndilo dogo kuliko yote. Kubwa ni kwamba Yustini aliacha kumtania mwenzake. Nilipita pale kibarazani mara nyingi, nikawakuta wamekaa pamoja, wanazungumza habari za mvua na mbolea kama watu waliokutana stesheni. Alipofariki Matayo, Yustini alikuja msibani, akasimama pembeni ya jeneza kimya. Waombolezaji wote walimtazama, wakingoja. Hakudai kuku.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kalamu ni ulimi usiokauka. Ukipewa habari za watu uziandike, uliza kwanza zilisemewa wapi, na nani kwa nani, na kwa cheko gani. Usijifiche nyuma ya "inasemekana". Kama hujui, shika njia ukamuulize mwenyewe, hata uso ukikuwaka kwa aibu. Aibu ni ya siku moja. Na ukishakosa, usingoje mwingine akutangulie mlangoni kwa uliyemkosea. Woga sikukatazi, mimi mwenyewe bado ninao. Ila ujiulize kila mara: ninamwogopea nani? Ukikuta unajiogopea wewe peke yako, weka kalamu chini.

Mungu akupe masikio mapana kuliko daftari lako. Akupe watani wa kukucheka usoni na kukulilia mgongoni. Na nyumba yoyote utakayoitaja kwa maandishi yako, watu wake walale na mizigo yao ikiwa imefunguliwa. Amina, mwanangu.