Miaka miwili nilimpiga binti yangu kwa kutoitika

Wakuu, salaam.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nne. Leo nauacha. Sitajipamba, na sehemu zinazoniaibisha ndizo nitakazozieleza zaidi.

Mimi ni guide kwenye msitu wa Jozani, nyumbani ni Mji Mkongwe. Nina binti, nimwite Nasra, sasa ana miaka tisa.

Kwetu mtoto akiitwa anaitika. Wa kiume "naam", wa kike "abee". Asiyeitika hajalelewa, na aibu ni ya baba yake. Nilikuzwa hivyo, kwa hiyo jambo hili sikuwa nalifanyia masihara.

Nasra alipofika miaka sita akaanza kutoitika.

"Nasra! Nshakwita mara tatu, hunsikii?"

"Sijakusikia, baba."

Yupo chumba cha pili, mlango wazi, hadi nimfuate alipo. Nikaona huu ni uongo wa mchana kweupe. Kofi. Kesho yake tena, kofi.

Chuoni nako, anakosoma Kurani, ustadhi akawa analalamika. Wanaovijua vyuo vyetu wanajua: watoto wanasoma kwa pamoja, sauti moja, hadi mtaa mzima unasikia. Nasra ndani ya kundi anasoma vizuri tu, mdomo unakwenda na wenzake. Akisimamishwa peke yake, kimya.

Ustadhi akaniambia, "Huyu akili anayo, ila hazingatii. Kichwa chake kiko mchezoni." Akamhamishia nyuma kabisa, wanakokaa wazembe, ili aone haya.

Nikamshukuru. Mnaelewa? Nilimshukuru.

Mke wangu aliniambia zaidi ya mara moja, "Baba Nasra, miye nnaona huyu mtoto ana kitu masikioni." Nikamjibu kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nilijiona nimesema la maana kweli.

Likizo moja nikaenda naye kazini. Siku hiyo nilikuwa na wageni watano. Kabla ya kuingia msituni huwa nawaambia wageni wafunge mdomo, watumie macho na masikio, maana kima punju hawajitangazi.

Nasra akawa anawaona kabla yangu. Ananivuta shati, ananionyesha juu. Akamtambua hata jike mmoja mwenye mkia uliokatika, ambaye nilimsimulia habari zake mara moja tu, tukiwa tumekaa uso kwa uso tunakula. Nikajisemea, kumbe kukumbuka anaweza, basi kule chuoni ni jeuri. (Ndiyo, hata hapo bado sikuelewa.)

Kisha tawi kubwa likakatika nyuma yetu. Mlio kama mlango uliobamizwa. Wageni wakaruka, kima wakatawanyika, mimi mwenyewe nikageuka mbio.

Nasra alibaki vilevile, anatazama juu, anashangaa kwa nini kima wanakimbia.

Wakuu, kazi yangu ni kuangalia nani kageuza shingo. Kima asiyegeuka kwa mlio, siku hiyohiyo naripoti ofisini kwamba anaumwa. Mwanangu nimempa makofi miaka miwili.

Nikasogea nyuma yake nikamwita. Taratibu, halafu kwa nguvu. Hakuitika.

Daktari wa masikio alisema usaha ulikaa ndani muda mrefu. Sikio la kushoto limeshakwenda, la kulia limebaki nusu. Akatuuliza, "Mlikuwa wapi?" Akatueleza kuwa siku zote hizo Nasra alikuwa anasoma midomo ya watu, na kwamba mtoto hawezi kukariri kitu ambacho hakijamfikia.

Nikakumbuka kule nyuma kwa wazembe. Mdomo wa ustadhi hauonekani kutoka kule.

Ustadhi nilipomweleza alisema ni mipango ya Mungu. Niliwaka, lakini nikavaa viatu nikaondoka. Mkono uliompiga ni wangu.

Sasa Nasra anavaa mashine sikio la kulia, chuoni anakaa mbele. Sura zilizomshinda miaka miwili amezihifadhi ndani ya miezi michache. Uzembe wote ule umekwenda wapi?

Juzi nilimwita akiwa jikoni na mama yake, kanipa mgongo.

"Abee, baba," akaitika vizuri kabisa.

Ila kabla hajageuka, mkono ulikuwa umeshafika shavuni kujikinga. Hilo halikuhitaji mashine. Nililifundisha mwenyewe, nikalirudia kila siku, na amelihifadhi. Sikuchelea mwana kulia, na bado nalia mwenyewe.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto "mzito" au "hazingatii", kabla hujamtia adabu, simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, mpeleke hospitali, usimpeleke kwa mwenye bakora.

Yaliyowakuta kama haya yawekeni hapa chini, kuna mzazi atasoma. Wa kunitukana nao ruksa, nitasoma zote. Pole tu msinipe mimi. Hiyo ni ya Nasra.