Bibi Hakumpa Mtu Mgongo

Nimetoka Mpanda wiki iliyopita na hasira bado haijanitoka. Niliitwa kuongoza igizo la nyimbo la watoto kwenye sherehe ya mavuno. Siku ya mazoezi mshereheshaji akanifuata: "Dada, hao watoto waelekee meza kuu. Wananchi wataona tu hata kwa nyuma."

Wataona nini kwa nyuma? Visigino?

Mimi kuimba nimejifunza Kabungu, kijiji cha huko huko Mpanda, uwanjani kwa bibi yangu. Wazee wetu walihamia huko na ng'ombe kutoka Usukumani. Mavuno yakifika, majirani walikuja na fimbo zao kutusaidia kupiga mahindi, na vumbi lilituingia mpaka kwenye meno. Bibi alisimama katikati ya duara akiimba, akizunguka taratibu ili kila mpigaji amwone uso. Ukitegea, wimbo ulikufikia na jina lako, na wote waliitikia huku wakicheka. Baadaye tulikula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga. "Ukimpa mtu mgongo, umemwimbia nani?" aliniuliza kila mara.

Swali hilo nilienda nalo Dar es Salaam. Niliimba na kucheza jukwaani miaka mingi, na goti lilipogoma nikawa muongozaji. Maigizo yangu yote huchezwa katikati ya watu, na watu huitikia.

Basi siku ya sherehe nikawapanga watoto duara, katikati ya uwanja. Mshereheshaji alinuna, na anune tu. Tuliimba ule wimbo wa bibi. Watu wa Kabungu walikuwepo, wengine nawakumbuka kwa sura, tulipiga nao mahindi. Msichana aliyeongoza akazunguka, akawatazama, akanyamaza ili waitikie.

Kimya. Simu ziko juu, watu wanarekodi.

Siku hizi inakuja mashine ya kupukuchua, na sina ugomvi nayo, imepumzisha mikono ya watu. Ninaowachukia ni hawa waliotupanga kila sherehe tuwaimbie wakubwa, mpaka wenye wimbo wakasahau kwamba kuitikia ni kazi yao. Nyie mliomwitikia bibi nikiwa mtoto, mmekwenda wapi?

Msichana akanigeukia, macho yamejaa machozi. Nikaitikia peke yangu kutoka pembeni, kwa sauti yangu yote. Watu wa Kabungu wakageuza simu zao, wakanirekodi na mimi.