Mzee Godoro na Kuta za Drovers

Asubuhi ya Jumamosi, ukumbi wa maonyesho wa mji wa Harlan Springs, Marekani, bado unanuka ng'ombe. Mnada ulimalizika jana. Sasa Orrin Haddix amepiga magoti kwenye kapeti la nyasi bandia, anakaza kamba ya godoro lililofunika ukuta. Analisukuma kwa bega, anatega sikio, kisha anasogea kwenye jingine.

"Likikaa vibaya linagonga mbao," anasema bila kugeuka. "Likikaa vizuri linanyamaza."

Jioni timu ya Drovers itacheza nusu fainali hapa. Ni futiboli ya Kimarekani ya ligi ndogo, ile ya ndani ya ukumbi: uwanja mfupi, umezungushiwa ukuta unaomfika mtu kiunoni. Mchezaji akisukumwa, anaishia ukutani au mapajani mwa mashabiki. Wachezaji wengi wana kazi nyingine, huyu kiwanda cha nyama, yule maghala ya ngano. Orrin mwenyewe, mwenye miaka hamsini na mitatu, hutengeneza matrekta. Malipo ya uwanjani, anasema, yanatosha mafuta ya gari na nyama ya Jumapili.

"Mzee Godoro, umenitandikia?" anapaza sauti Marquell Tibbs, mpokea pasi tegemeo wa Drovers, akiingia na begi lake.

"Nimekutandikia. Ila leo usilale, kimbia!"

Orrin naye aliwahi kupokea pasi katika ukumbi huu. Katika msimu wake wa pili, macho yakiwa juu kwenye mpira, aliuvaa ukuta mahali ambapo godoro lilikuwa limeanguka na hakuna aliyelirudisha. Bega likavunjika. Mpaka leo mkono wake wa kushoto haupandi kupita sikio.

"Nilikaa nyumbani nimenuna majira yote ya baridi," anakumbuka. "Mke wangu akachoka. Akaniambia, 'Kama umeukasirikia ukuta, nenda ukautengeneze. Mimi si ukuta.'"

Akaenda. Tangu hapo, kila mechi ya nyumbani, kuta ni zake.

Wiki mbili zilizopita nusura kuta hizo zimponze. Ilikuwa mechi ya kuamua kama Drovers wataingia nusu fainali. Mashabiki wameshaketi, muziki unapigwa, mara mashine ya kubebea mizigo ikarudi nyuma na kulichana godoro la nyuma ya goli. Sponji ikamwagika, mbao zikabaki wazi.

Orrin akasimama mbele ya tundu lile. Akasema hapachezwi.

"Orrin, ukumbi umejaa!" alisema meneja wa timu, Denise Pfannenstiel. "Ni godoro moja tu."

"Ni moja tu, bosi. Na mimi niliumizwa na moja tu."

Denise alimtazama bega, kisha akaenda kumwambia mtangazaji awaombe watu subira.

Subira haikuwepo. Walizomea, bisi zikarushwa. "Mtoeni huyo babu!" alifoka mmoja. "Kalale na godoro lako nyumbani!"

"Niliogopa," anakiri Orrin. "Nilijua wanaweza kuniondoa pale na kazi ikaishia hapo hapo. Lakini ningeondokaje?"

Denise akampigia simu mwalimu wa mieleka wa sekondari ya mjini. Mkeka mzito wa mieleka ukaletwa nyuma ya gari la mizigo, na wachezaji wenyewe, wamevaa kofia ngumu na kinga za plastiki mabegani, wakamsaidia Orrin kuufunga. Mpira ukaanza, ukachezwa mpaka mwisho, na Drovers wakashinda kwa teke la dakika ya mwisho.

Mkeka ule haukuguswa na mtu hata mara moja.

"Nilitaka kujificha," anasema Orrin, akicheka. "Nimewangojesha watu wote wale kwa kitu kisichoguswa!"

Ndipo Marquell alipopita mbio mbele ya umati, akajirusha kwenye mkeka mgongo kwanza. "Haukuletwa bure, Mzee!" alipiga kelele. Akafuata mwingine, na mwingine, timu nzima ikapanga foleni ya kujibwaga ukutani. Aliyekuwa amefoka kule jukwaani akaruka ukuta, naye akaingia foleni. Orrin alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Adhuhuri, mkewe Lavonne anamletea mkate wa nyama na viazi. Drovers wakishinda leo, fainali itachezwa mji mwingine, kwenye kuta za watu wengine, na Denise ameshawaahidi Orrin na mkewe viti viwili. Tangu aache kucheza, Orrin hajawahi kutazama mechi ameketi.

"Nitakaa kama bwana mkubwa," anasema, mdomo umejaa.

"Wewe?" Lavonne anaguna. "Utakaa mpaka wimbo wa taifa tu, kabla hata mpira haujaanza."

"Nitakaa mpaka mwisho! Ila, mama, nikiona kamba imelegea?"

"Utanionyesha. Mimi ndiye nitakayeshuka kuikaza," anasema Lavonne, akimfuta makombo ndevuni. "Wewe utabaki umeshika viazi."