Kamusi Isiyo na Neno la Pole

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwenye uwanja wa magari wa kampuni moja ndogo ya utalii, mwanamume mwenye sweta la kijani anasugua kioo cha mbele cha gari kwa gazeti la juzi. Midomo yake inacheza. Ukimsogelea utasikia Kiingereza cha sauti ya chini, maneno yale yale yakirudiwa, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau alichoagizwa.

"Kamusi, bado unasoma tu?" anauliza fundi wa magari, akipita na ndoo ya maji. "Si ulishakimaliza hicho Kiingereza wewe? Tuachie na sisi kidogo."

"Narudia tu, fundi. Kichwa kimezeeka."

Fundi anacheka na kwenda zake. Kamusi anainama na kujifanya anakagua tairi ambalo halina tatizo lolote. Hakuna mtu hapa uwanjani anayejua kwamba jina hilo, walilompa kwa heshima, siku hizi linamchoma kila anapoitwa.

Ana miaka arobaini na tisa. Kazi yake ni kuendesha gari la watalii ndani ya hifadhi na kuwaeleza habari za wanyama wanaowaona. Kwa Kiingereza anajua majina ya ndege zaidi ya mia mbili. Atakueleza tofauti ya duma na chui mpaka uone aibu kwamba uliwahi kuwachanganya. Anajua mimba ya tembo huchukua muda gani, kwa nini fisi jike ndiye mwenye kauli mbele ya dume, na nyumbu wanavuka mto wakifuata nini. Yote hayo huyasema bila kugugumia.

"Mwulize mnyama yeyote unayemtaka," anasema meneja wa kampuni, mama anayependa kumsifu mbele za watu. "Wageni wengine wananiuliza huyu kasoma chuo gani."

Hakusoma chuo. Aliishia darasa la saba, akaanza kuosha magari kwenye hoteli moja iliyo ndani ya hifadhi. Madereva wa enzi hizo walirudi jioni wamejaa vumbi, wengi wao hawana chenji. Kijana wa kuosha magari akabuni malipo yake mwenyewe: kama huna pesa, nipe neno.

"Mmoja ananipa zebra, mwingine ananipa hippopotamus," anasimulia, na kwa mara ya kwanza leo anacheka. "Hilo la kiboko lilinichukua wiki nzima. Nalisema hata nikila. Mke wangu, ndiyo kwanza tumeoana, akadhani nimepatwa na kitu."

Neno likawa sentensi, sentensi ikawa maelezo mazima. Baada ya miaka sita, usukani ukawa wake. Msimu wa wageni malipo si mabaya, kwani siku moja ya safari hutosha chakula cha siku nne kwa familia ya watu watano. Mvua zikianza, hakuna safari wala malipo, naye hushika brashi na kupaka rangi nyumba za watu.

Lakini madereva wale walimpa walichokuwa nacho, na walichokuwa nacho ni wanyama. Kiingereza cha Kamusi kilianzia lango la kuingilia hifadhini na kuishia lango la kutokea. Mgeni akimuuliza ana watoto wangapi, alijibu watatu, kisha akamweleza simba huzaa wangapi. Mgeni akimuuliza habari za siasa, alimwonyesha nyani. Wageni walicheka sana wakidhani ni mtu wa utani, naye akawaacha wadhani hivyo.

"Nilijua nina pengo," anasema. "Nikawa nalikalia, kama mtu aliyevaa suruali iliyochanika nyuma. Ilimradi usisimame, hakuna anayeona."

Mwaka jana mgeni mmoja alimsimamisha.

Anasimulia hayo akiwa barabarani. Leo hana wageni. Gari limetoka kufanyiwa matengenezo na anatakiwa alijaribu kidogo hifadhini kabla ya safari ya wiki ijayo. Anaendesha polepole, macho mbele, na kila akifika sehemu inayomwia vigumu kusema anabadilisha gia bila sababu.

Mgeni alikuwa mama wa makamo aliyekuja peke yake. Safari waliipanga wawili, yeye na mumewe, lakini mume alilazwa hospitali wiki moja kabla. Madaktari walisema hali si mbaya, naye akamsihi mkewe asiiache safari. Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Mama huyo alikaa kiti cha mbele, akauliza maswali mengi, na kila alipopiga picha nzuri alisema hii ni ya mume wangu.

Siku ya tatu gari lilipanda kilima ambako mtandao wa simu hupatikana. Simu ya mgeni ikalia. Akasikiliza, akajibu maneno mawili matatu. Simu ikamponyoka ikaangukia miguuni, wala hakuiokota. Alimgeukia dereva wake akamwambia mumewe amekufa.

"Neno la kufa nalijua," anasema Kamusi. "Nalitumia kila siku. Nyumbu kafa, swala kafa. Kinachofuata baada ya hapo ndicho sikuwa nacho. Kwa wanyama, kinachofuata ni fisi na tai."

Alifungua mdomo. Alichokuwa akikitafuta ni pole tu, neno ambalo kwa Kiswahili hata mtoto wa miaka mitatu analo. Alilokuta ni "sorry". Lakini hilo alilisema kutwa nzima, kwa ajili ya mashimo ya barabarani, vumbi la madirishani na simba waliogoma kutokea. Aliona akimpa mfiwa hilo hilo atakuwa amemdharau. Akalimeza.

Pembeni mwa barabara alikuwa amesimama twiga dume.

"Nikasema, look, giraffe." Anafuta uso kwa kiganja. "Mama wa watu kafiwa muda huo huo, mimi namwonyesha twiga! Nikamtajia urefu wake. Nikamweleza habari za ulimi wake. Nikamwambia moyo wake una kilo kumi na moja. Najisikia ninavyoongea, nataka kunyamaza, siwezi. Nikinyamaza nitamsikia analia, na akilia mimi nitafanya nini?"

Hakunyamaza mpaka hotelini. Kila mnyama aliyejitokeza njiani alipata maelezo yake kamili: pundamilia, ngiri, hata kanga. Mama alikuwa amefunika uso kwa kofia. Walipofika, Kamusi alimfungulia mlango na kumwambia maneno ambayo humwambia kila mgeni, asante kwa kututembelea na samahani kwa vumbi.

"Yaani sorry ya vumbi niliitoa," anasema. "Ya mumewe nikaibana."

Mama yule alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kamusi aliangalia chini mpaka alipoachiwa.

Kwa mwezi mzima hakumwambia mtu. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, aligundua mwenyewe kwamba kuna jambo. "Mteja aliniletea kitambaa cha mapazia ya watoto, kina picha za twiga," anakumbuka. "Baba watoto akaniomba nikitoe sebuleni. Mtu anayeishi kwa wanyama, leo anakimbia twiga wa kitambaa?"

Alipoambiwa, hakucheka. "Nilimwambia, baba, siku tuliyomzika mama yako, mtu angekuja kukupimia urefu wa twiga ungemfanyaje? Akasema ningemfukuza. Halafu akaisukuma sahani, chakula hakukigusa. Nikajuta kusema."

Kinachomuumiza Kamusi zaidi ni tembo. Kwa miaka mingi amewasimulia wageni jinsi tembo wanavyosimama wakikuta mifupa ya mwenzao, wanavyoigusa kwa mkonga taratibu, wanavyokaa hapo bila haraka ya kuondoka. "Naisimulia vizuri mpaka wageni wanatoa leso," anasema. "Tembo hamwachi mwenzake. Mimi nasimulia habari zao kila wiki, na sikujifunza kitu. Niliona aibu mpaka nikatamani kurudi kuosha magari."

Miezi minne iliyopita alikwenda kwa jirani yake, nesi mstaafu aliyewahi kufanya kazi katika hospitali yenye wagonjwa wa mataifa mbalimbali.

"Alikuja kashika kofia mkononi, nikajua amekuja kukopa," anasema nesi, akicheka hadi miwani inamshuka puani. "Akasema, mama, nifundishe Kiingereza kisicho na wanyama."

Tangu hapo, kila Jumapili alasiri hukaa barazani kwa nesi. Kazi haikuwa nyepesi. "Namwambia taja mtu mwenye huzuni, yeye ananitajia nyati mwenye huzuni. Nikamwambia mwanangu, huyo nyati mwache apumzike. Wiki ya tatu ndiyo akanieleza kilichomleta. Sikumcheka tena."

Jumatatu ya wiki hii meneja alimwita ofisini mbele ya wenzake. Mama yule anarudi wiki ijayo pamoja na dada yake. Ameomba aendeshwe na dereva yule yule. Jina lake hakulikumbuka, ameandika tu: yule dereva wa twiga.

Ofisi nzima ilipiga makofi. Kamusi alishika kiuno. Akasema ana maumivu ya mgongo, aachiwe afikirie, na meneja akampa hadi leo jioni. Dereva mwingine yuko tayari kuichukua safari hiyo.

"Labda anakuja kuniambia usoni kile alichoshindwa kuniambia siku ile," anasema. "Na atakuwa na haki."

Nesi haoni hivyo. "Mtu uliyemuudhi hakuombi umwendeshe tena," alimwambia Jumanne, alipokimbilia kwake kabla hata ya Jumapili. "Lakini hata akija kukugombeza, kaa ugombezwe. Ndiyo adabu. Ulimkimbia mara moja, inatosha."

Gari linapanda kilima kile kile. Juu kabisa Kamusi analisimamisha na kuzima injini. Kiti cha mbele kando yake ni kitupu, na anakiangalia kwa muda mrefu.

"Najua majina ya ndege zaidi ya mia mbili," anasema. "Siku tatu yule mama anapiga picha za kumpelekea mumewe, hii yake, hii yake. Jina la huyo mume sikumuuliza."

Ameamua. Jioni atamwambia meneja kwamba mgongo umepona. Atakwenda mwenyewe kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Atampa ile sorry, hivyo hivyo ilivyochakaa, kwa sababu ni yake na amekaa nayo mwaka mzima. Kisha atamuuliza swali moja ambalo nesi amemfundisha, lile analolirudia tangu alfajiri, na baada ya hapo atasikiliza, hata asipoelewa maneno yote.

Analijaribu sasa, polepole, akikitazama kile kiti.

"What was his name?"

Mbele ya gari twiga wawili wanavuka barabara. Kamusi anawaona. Anasubiri mpaka wapite, halafu analirudia swali lake tangu mwanzo.